Siku mbili hadi dirishani

Mzee alikuwa ameitia barua yake kwenye mfuko wa plastiki, mfuko akauviringisha kwa kitambaa, kitambaa akakisunda ndani ya shati. Alipofika dirishani ilimchukua muda kuitoa. Kijana aliyekaa upande wa pili hakumharakisha. Aliipokea, akahesabu kurasa, akagonga muhuri kwenye nakala mbili, akaandika saa na dakika, akamrudishia moja. Mzee akaishika ile nakala kwa mikono miwili, akautazama muhuri mpaka wino ukakauka. Kisha akaanza kuifunga upya kwa utaratibu uleule: plastiki, kitambaa, shati.

Ilikuwa Julai 2018, mjini Quillabamba, kusini mwa Peru. Mimi nilikuwa nyuma yake kwenye foleni na barua yangu ya utambulisho. Kila ofisi ya umma nchini Peru ina dirisha la namna ile. Wanaliita mesa de partes, na nakala yenye muhuri unayoondoka nayo wanaiita cargo. Usipokuwa na cargo, hata ungetembea mwezi mzima, ofisi haitambui kwamba ulifika. Nilimwamkia mzee, nikamuuliza ametoka wapi. Akasema sehemu ya chini ya mto Urubamba, ng'ambo ya korongo la Pongo. Siku mbili: moja kwenye boti la mbao akipanda mto, moja kwenye gari. Alikuja kuomba walimu wawili.

Nilikwenda jimbo la La Convención kwa sababu ya kahawa. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Kagera, kazi yangu ni kuonja na kupanga madaraja ya kahawa, na kwa wiki tano nilikaa na wakulima wa ushirika katika mabonde yale. Daftari langu la kahawa lilijaa nusu tu. Nusu nyingine nilijikuta nikiandika habari za mipaka, ofisi na masafa, kwa sababu ndizo habari ambazo wenyeji walinisimulia kila tulipokaa kunywa chai. Tangu siku ile kwenye foleni, ninapotazama ramani ya mahali popote huanza na swali moja: kutoka hapa hadi kwenye dirisha ni siku ngapi?

Kwanza nieleze madaraja yao ya utawala, maana maneno yetu yanaweza kumpotosha msomaji. Peru imegawanywa katika mikoa, na La Convención imo ndani ya mkoa wa Cusco. Chini ya mkoa kuna provincia, ambayo hapa nitaiita jimbo, na chini ya jimbo kuna distrito, nitaiita wilaya. Jimbo lina meya wake, kila wilaya ina meya wake, na wote huchaguliwa na wananchi kila baada ya miaka minne. Hata kijiji kikubwa chaweza kuwa na meya mdogo. Wilaya moja tu haina meya wa peke yake, nayo ni ile yenye makao makuu ya jimbo, Santa Ana, ulipo mji wa Quillabamba. Hapo meya wa jimbo ndiye huyohuyo anayeshughulikia taka na taa za barabarani. Pembeni ya mameya hawa kuna subprefecto, mtu wa serikali kuu. Halafu elimu na afya zina ngazi zao zinazopanda hadi serikali ya mkoa kule Cusco. Kumbuka hilo la elimu, nitalirudia.

Jimbo liliundwa tarehe 25 Julai 1857. Jina lake limetokana na bunge lililolipitisha, Convención Nacional. Yaani eneo la mito na misitu limebeba jina la mkutano wa watu waliokuwa wamekaa Lima. Ukubwa wake ni zaidi ya kilomita za mraba 30,000, zaidi ya asilimia 40 ya mkoa mzima wa Cusco. Nilipowaambia wenyeji wangu kwamba hiyo ni kubwa kuliko Burundi yote, walitaka kujua Burundi ina watu wangapi. Wao, kwa sensa ya 2017, hawakufika laki moja na nusu.

Kutoka mji wa Cusco unapita Ollantaytambo, kisha barabara inaanza kujikunja kuelekea Abra Málaga, mlango wa mlima wenye mita 4,316. Pale juu kuna ukungu, mvua ya barafu, na baridi inayoingia kwenye meno. Abiria walikuwa wanatafuna majani ya koka na kujifunika mablanketi. Kisha gari likaanza kushuka. Kila baada ya nusu saa mtu alivua nguo moja. Majani makavu ya mlimani yakageuka vichaka, vichaka vikageuka msitu unaodondosha maji, ghafla nikaona mashamba ya chai huko Huyro, nikakaa wima kama niliyeitwa jina langu. Baada ya chai ikaja migomba, maembe, kahawa. Quillabamba iko kwenye mita 1,050 hivi. Tulikuwa tumeshuka zaidi ya mita 3,000 katika asubuhi moja, na masikio yangu yalizibuka siku ya pili.

Na huo ni mlango tu. Upande wa kusini wa jimbo kuna theluji ya Salkantay, mita 6,271. Kaskazini, Urubamba unafika kwenye msitu wa chini ya mita 500, ambako joto halipungui hata usiku. Katikati imesimama safu ya milima ya Vilcabamba. Ndani ya safu hiyo wafalme wa Inka walijificha na kuendesha dola yao kuanzia 1537 hadi 1572, Wahispania walipomkamata Túpac Amaru na kumuua Cusco. Miaka 35 milima ile iliwazuia askari. Maofisa wa leo nao inawazuia vilevile.

Magharibi mwa safu hiyo unapita Apurímac, mashariki unapita Urubamba. Ni mito miwili ya jimbo moja, lakini haikutani ndani yake. Apurímac unabadili jina na kuwa Ene, kisha Tambo, na unakuja kukutana na Urubamba huko Atalaya, mkoa mwingine kabisa. Nimeitazama ramani hiyo mara nyingi. Walioichora waliweka mabonde mawili kwenye mfuko mmoja, mlima ukiwa katikati.

Wenyeji wangu waliishi Santa Teresa, kwenye miteremko ya juu ya mto. Baba mwenye nyumba alinipeleka shambani siku ya kwanza, akageuza jani la kahawa, akapitisha kidole, kidole kikatoka na unga wa rangi ya chungwa. "Roya," akasema. Nikamwambia kwetu ni kutu ya majani. Mwaka 2013 ugonjwa huo uliteketeza mashamba Peru nzima hadi serikali ikatangaza hali ya dharura. Wengine waling'oa mibuni wakapanda koka, wengine waliondoka. Sikuweza kumficha kwamba maandishi ya kwanza kabisa kuhusu kutu hiyo ni ya 1861, na ilionekana kwenye mibuni ya mwitu karibu na ziwa letu, Viktoria. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia, "Basi señorita, imetembea njia ndefu kuliko wewe."

Santa Teresa yenyewe si mji wa zamani. Mji wa zamani ulikuwa chini, kando ya mto. Mwanzoni mwa 1998, mwaka wa mvua za El Niño, mlima ulimeguka. Januari tope na mawe vilishuka na mto Sacsara vikaufuta mji. Februari poromoko jingine likashuka kwenye bonde la Aobamba, likafukia kituo cha umeme cha Machu Picchu na kuikata reli. Zamani treni kutoka Cusco ilifika hadi karibu kabisa na Quillabamba. Tangu mwaka ule inaishia pale kwenye kituo cha umeme, na vipande vya reli iliyobaki vimemezwa na majani. Watalii huvuka pale kwa miguu kwenda Machu Picchu wakiona ni njia nzuri ya matembezi. Kwa mkulima, kukatika kwa reli kulimaanisha kila gunia la kahawa lipande Abra Málaga kwa lori, na kila karatasi ya serikali vilevile.

Lakini kuna jambo la zamani zaidi ambalo bila hilo huwezi kuelewa kwa nini watu hawa wanaziwania ofisi kwa nguvu namna hii. Kwa karne nzima serikali ya bonde hili haikuwa ofisini. Ilikuwa barazani kwa mwenye shamba. Hacienda ya Huadquiña, iliyokuwa hapo Santa Teresa, ilimiliki ardhi ambayo mtu asingeimaliza kwa siku kadhaa za kutembea. Bwana alibaki na ardhi ya bondeni, akampa mpangaji, arrendire, kipande cha mteremko ambacho hakikuwa na faida kwake. Kodi haikuwa fedha. Ilikuwa siku za kazi kila mwezi, za mume na za mke, bila ujira. Mpangaji naye akizidiwa alimkaribisha mtu mwingine, allegado, ambaye ndiye alizifanya siku zile kwa niaba yake. Kwetu Kagera bibi yangu aliizungumzia nyarubanja, ukabaila wetu wa ardhi, kwa sauti ileile niliyoisikia Santa Teresa, sauti ya mtu anayepunguza maneno ili asilie.

Kilichobadili mambo ni mbuni. Miteremko ile iliyodharauliwa ilikuwa ndiyo hasa inayofaa kahawa, na bei ilipopanda miaka ya 1950 wapangaji wakaanza kupata fedha kuliko ilivyotarajiwa. Mabwana wakataka miteremko irudi. Wakaanza kufukuza watu. Wapangaji wakaunda vyama, na mwaka 1958 vyama vikaungana kuwa shirikisho la wakulima wa La Convención na Lares. Lares iko katika jimbo la Calca, si La Convención, lakini wakulima hawakujali mstari huo: waliangalia nani anaonewa na nani anapakana naye. Mwaka uleule alikuja Hugo Blanco, kijana wa Cusco aliyesoma kilimo Argentina na kuzungumza Kikechua, akaingia shamba la Chaupimayo kama allegado. Ikafuata migomo, wakulima wakaacha kabisa zile siku za bure, vyama vikajenga shule na kuamua kesi zao. Blanco alikamatwa 1963. Mwaka huohuo serikali ya kijeshi ikatoa sheria ya kugawa ardhi kwa ajili ya mabonde haya tu, miaka sita kabla ya mageuzi ya ardhi ya nchi nzima ya mtawala wa kijeshi Juan Velasco, 1969. Watu waliofanya kazi bure walikuwa wameilazimisha dola iwafuate hadi mtelemkoni.

Mama mwenye nyumba alinionyesha hati ya shamba ya baba mkwe wake. Iko kwenye fremu, pembeni ya picha ya Bikira Maria. Muhuri bado unasomeka.

Sasa nije kwenye gesi. Kaskazini, ng'ambo ya Pongo de Mainique, korongo ambalo Urubamba unajipenyeza kabla ya kutoka kwenye tambarare ya Amazonia, ndiko wanakoishi Wamatsigenka pamoja na Wayine, Wakakinte na Wananti. Huko, kwenye mto Camisea, gesi iligunduliwa miaka ya 1980, na tangu Agosti 2004 inasafirishwa kwa bomba linalovuka Andes hadi pwani na Lima. Nusu ya mrabaha hurudi mkoani kwa jina la canon, na sheria inaigawa hivi: asilimia 10 kwa wilaya yenyewe, 25 kwa wilaya za jimbo hilo, 40 kwa manispaa za mkoa mzima, na 25 kwa serikali ya mkoa na vyuo vikuu vya umma. Wilaya yenye gesi ilikuwa Echarate. Ilichukua karibu theluthi mbili ya jimbo, na kwa miaka kadhaa ilipokea mamia ya mamilioni ya soli, fedha ya Peru, kwa mwaka, ikawa miongoni mwa wilaya tajiri kuliko zote Peru.

Lakini mji wa Echarate uko mwendo mfupi tu kutoka Quillabamba. Gesi iko ng'ambo ya Pongo. Mtu wa Camisea, ambaye boti zinazohudumia mitambo zilipita mbele ya nyumba yake usiku na mchana, alitakiwa apande mto mkali hadi Ivochote, barabara ilipoishia, kisha apande gari ndipo afike kwa meya wake. Wengi wa wapiga kura walikuwa walowezi wa juu ya Pongo, na meya hufuata kura. Uwanja wa mpira na ukumbi vilijengwa palipo na barabara. Nasema haya bila kumtaja mtu, maana tatizo halikuwa tabia ya meya mmoja. Hata malaika angekaa Echarate angeona kwanza yaliyo karibu.

Wilaya ya Megantoni ilizaliwa 2016 kutokana na jambo hilo. Mstari ukachorwa, makao makuu yakawekwa Camisea, na dirisha likahamia mtoni. Echarate ilipoteza sehemu kubwa ya fedha zake mara moja. Huko Echarate watu walinieleza uchungu wao waziwazi: miradi iliyosimama, vibarua waliorudishwa nyumbani. Nawaelewa. Hata hivyo naona ile ilikuwa haki, tena iliyochelewa. Asiye na dirisha karibu na kwake hulipia kila muhuri kwa siku zake za kazi, na watu wa bonde hili wanajua kuliko wengine maana ya siku za kazi zinazochukuliwa bure.

Ndipo nikamkumbuka mzee wa walimu wawili. Alitoka Megantoni. Kwa nini basi alikuwa Quillabamba mwaka 2018, wakati wilaya yake mpya ilikuwa na fedha na meya wake alikuwa umbali wa saa chache kwa boti? Nilimuuliza hilo tulipokaa kwenye benchi nje ya ofisi. Alinieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Shule wanayo. Imejengwa kwa fedha za gesi, ina paa la bati jipya na sakafu ya saruji. Lakini kwa kanuni, fedha za canon ni za miradi ya ujenzi na uwekezaji. Mwalimu hajengwi, mwalimu huajiriwa, na ajira ya walimu iko chini ya ofisi ya elimu ya jimbo, ambayo inawajibika kwa Cusco. Meya anaweza kukupa madarasa manne. Hawezi kukupa mtu wa kusimama ndani yake. Wilaya mpya imeleta dirisha moja karibu. Madirisha mengine yalibaki yalipokuwa.

Upande wa Apurímac mambo ni magumu zaidi. Wilaya za Kimbiri na Pichari ni za La Convención kwenye karatasi. Lakini ukisimama Kimbiri unaona mji wa San Francisco ng'ambo ya mto, na San Francisco ni mkoa wa Ayacucho. Watu huvuka kwenda sokoni. Kwa miaka mingi, aliyetaka kwenda Quillabamba, makao makuu yake mwenyewe, alitoka kwanza nje ya mkoa, akapanda Ayacucho, akazunguka hadi Cusco, kisha akapanda tena Abra Málaga. Sasa kuna barabara inayopita Kepashiato, na ni huko Kepashiato, Aprili 2012, mabaki ya waasi wa Sendero Luminoso waliwateka wafanyakazi wa mradi wa gesi. Kwa serikali kuu, bonde lile lina jina lingine kabisa, VRAEM, ukanda wa jeshi na hali ya hatari na vita dhidi ya dawa za kulevya. Kwa hiyo mkulima wa kakao wa Pichari anaishi kwenye ramani tatu: kura yake iko Cusco, soko lake liko Ayacucho, na askari barabarani ni wa VRAEM. Katika gwaride la tarehe 25 Julai, sikukuu ya jimbo, nilikaa karibu na msichana aliyetoka huko. Shule za Quillabamba zilipita zikipiga ngoma, vyama vya ushirika vikapita na magunia ya kahawa na kakao ya kienyeji iitwayo chuncho, kuta zote za mtaa zikiwa zimepakwa nembo za vyama kwa ajili ya uchaguzi wa Oktoba. Alikuwa anasoma pale chuo. Nikamuuliza kama nyumbani nako wanasherehekea. Akasema, "Wanasherehekea, lakini wanatamani jimbo lao wenyewe."

Jimbo hilo halijapatikana. Wilaya ndizo zinazoongezeka. Inkawasi na Villa Virgen zilianzishwa 2014, Villa Kintiarina 2015, Megantoni 2016, na 2021 zikaja nne kwa pamoja: Kumpirushiato, Cielo Punco, Manitea na Unión Asháninka. Zilikuwa kumi, zimekuwa kumi na nane. Nimesoma wanaolalamika kwamba ni vyeo vingi na majengo mengi kwa watu wachache. Hoja hiyo ina uzito, kwani kila manispaa mpya inahitaji mhasibu, gari na jenereta. Lakini wanaoitoa wengi wanaishi mahali ambapo muhuri hupatikana kabla ya chakula cha mchana. Ramani niliyoinunua Quillabamba imeshapitwa. Wilaya zile nne nimeziandika kwa penseli, kwa kukisia mipaka kwa kufuata mito.

Jioni ya siku ile ya foleni nilimsindikiza mzee hadi yanapopakia magari ya Ivochote. Gari lilikuwa la kuondoka alfajiri, naye alikusudia kulala palepale kwenye benchi ili asiachwe. Nilimnunulia supu. Akaniuliza kama huko kwetu Afrika dirisha liko mbali. Nikamwambia baba yangu alikuwa anatoka asubuhi kwa baiskeli, na saa tatu baadaye anafika wilayani.

"Saa tatu," akasema. Akarudia kwa lugha yake, kwa mwanamke aliyekaa pembeni na kuku kwenye kapu, na wote wawili wakanitazama kwa furaha kwa ajili ya baba yangu. Kisha akaweka mkono kifuani, akaibonyeza ile karatasi ndani ya shati, akalala.